Mama Mlezi Atajuaje Usipomwambia?

Wadogo zangu mnaolelewa na familia za Kimarekani huko Grand Rapids na Lansing, leo nazungumza na ninyi. Ninyi mliotoka Fizi na Uvira kule Kongo, mkapitia kambi ya Nyarugusu au Kakuma, mkaingia Marekani bila mzazi. Kuna hofu ambayo wengi mnaimeza: nikimzoea huyu mama, je, nimemsaliti yule wa kwetu?

Hujamsaliti, na utaratibu wenyewe uko upande wako. Mpango wa Marekani wa kuwalea watoto wakimbizi walio peke yao, ulioanza 1980, haukuwekwa ili kukubadilishia wazazi. Kwa kawaida watoto wake hawaasiliwi, maana lengo ni kuwarudisha kwa ndugu zao wakipatikana. Tena kanuni zinataka mpango wa malezi wa kila mtoto uonyeshe asili yake na dini yake vitatunzwaje. Kila mtoto! Basi afisa wako wa ustawi akija, muulize kwa upole: kwenye faili langu, hapo mmeandika nini?

Tatizo ni kwamba sisi tumelelewa kutodai. Mtoto mwenye adabu hula alichopewa na huinamisha macho mkubwa akisema. Mama mlezi anakuona umemaliza sahani kimya, anadhani umeridhika, kumbe usiku unalilia sombe. Atajuaje? Hayo macho yaliyoinama naye anayasoma vingine, anadhani kuna jambo unamficha. Mweleze kwamba kwenu hiyo ni heshima. Mpeleke duka la Waafrika akaone ndakala na unga wa muhogo. Mwambie unataka kusukwa na Mkongo mwenzako, na Jumapili unataka ibada ya Kiswahili. Wakongo Grand Rapids ni wengi. Wewe Mwislamu, sema kabla Ramadhani haijaingia, si asubuhi ya mfungo wa kwanza wakati chai iko mezani.

Suala la kumwita "mama", usilazimishwe na usijilazimishe. Kama ulimi unagoma kumtaja mtu mzima kwa jina tupu, na najua unagoma, tanguliza "Mama" kisha jina lake. Sijui nani angekasirika.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni lugha. Kiswahili utakisikia kanisani na kwenye simu, lakini Kibembe cha kwenu nani atakusemesha? Huponyoka upesi, hasa kwa aliyefika mdogo. Ukiwa na shangazi aliyebaki Nyarugusu, mpigie, muongee Kibembe mwanzo mwisho. Akikuomba dola, mwambie ukweli kwamba wewe ni mwanafunzi, huna mshahara. Asikufanye uogope kupokea simu. Kisha muulize majina ya babu zako, mmoja baada ya mwingine, mpaka yeye mwenyewe akwame. Yaandike siku hiyohiyo.