Mtama Uliopatiwa Zawadi

Sisi mabwana shamba tukikushauri kupanda mtama wa Hakika au Wahi, yafaa ujue ulikotoka. Mwaka 2009 Dr. Gebisa Ejeta, aliyekulia kijijini huko Ethiopia, alipewa Zawadi ya Chakula Duniani nchini Marekani. Zawadi hiyo aliianzisha Norman Borlaug, mtaalamu wa ngano; safari hii ilikwenda kwa mtama, nami nilifurahi, kwani ngano huku kwetu hatulimi.

Kiduha unakijua, bwana mkulima. Wengine hudhani ni uchawi, maana mtama hudumaa kabla gugu halijaonekana. Si uchawi. Mizizi ya mtama hutoa utomvu fulani. Mbegu ya kiduha, iliyolala udongoni hata miaka kumi, ikiuonja huamka, hujishika mzizini na kuunyonya. Dr. Ejeta na wenzake walitafuta mtama utoao utomvu huo kidogo sana, hata mbegu ya kiduha isiamke. Hakika na Wahi, zilizoidhinishwa Tanzania mwaka 2002, zimetokana na kazi hiyo.

Lakini vichache bado vitaota. Ving'oe kabla ya kuchanua, kwa kuwa mche mmoja huzaa maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi. Vichome moto, usivitupe penye samadi, vitarudi shambani. Msimu ufuatao panda pamba: mizizi yake huamsha kiduha, lakini hakiwezi kuinyonya, nacho hufa.