Cheti Kwanza, Bastola Baadaye

Mfanyabiashara mmoja wa mahindi mjini Kimilili, ambaye pia ni wakala wa M-Pesa, ameniuliza hivi: anafunga duka usiku akiwa na mauzo ya siku nzima, na anaogopa njia ya kwenda nyumbani. Kuna mtu amemwahidi bastola ndogo ya kuficha kiunoni, inayosemekana ni ya ziada kutoka kwa polisi, bei poa, ila ina kutu kidogo na inahitaji kusafishwa. Je, akiinunua kwanza kisha akaenda kuiombea leseni, kuna kosa?

Kosa lipo, tena linatimia pale pale anapoipokea. Sheria ya Silaha, Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, inasema katika kifungu cha 4 kwamba hakuna mtu atakayenunua, atakayepata wala kuwa na silaha au risasi bila cheti cha silaha kinachoendelea kutumika. Angalia maneno hayo matatu: kununua, kupata, kuwa nayo. Aliyepewa bure amevunja sheria sawa na aliyelipa. Aliyeachiwa na rafiki “kwa siku mbili tu” amevunja sheria. Na risasi moja iliyosahaulika kwenye droo inahesabiwa kama silaha yenyewe. Kwa bastola ya kawaida, adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi miaka 10. Kwa zile silaha nzito ambazo sheria inazipiga marufuku kwa raia, adhabu ni kali zaidi. Hakimu akishakutia hatiani, hana ruhusa ya kukuonea huruma akakupa miezi sita.

Kwa hiyo mpango wa kununua leo na kuomba leseni kesho ni sawa na kujiandikia hati ya mashtaka. Utaingia ofisi ya polisi kuomba kibali cha kitu ambacho kukimiliki kwako tayari ni jinai.

Sasa hilo neno “ziada”. Wengi wamelipata kwenye video za Marekani, ambako idara ya polisi ikibadilisha bastola zake za zamani, maduka huzinunua na kuziuzia raia kwa bei ya chini. Hapa kwetu hakuna soko la namna hiyo. Kenya ni mmoja wa watia saini wa Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004, ambayo nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilikubaliana kudhibiti silaha ndogo na kuteketeza zilizozidi na zilizonaswa. Mwaka 2016, huko Ngong, serikali ilichoma moto silaha 5,250. Mwaka 2021 ilichoma nyingine 5,144. Bastola ya serikali ya Kenya iliyochoka haishuki kuja kwenye kioski cha Kamukuywa ili iuzwe kwa wakala wa M-Pesa. Ikiwa kweli ni ya polisi, basi imeibwa, na juu ya kosa la silaha utaulizwa pia umefikaje kushika mali ya umma.

Na kama si ya polisi, imetoka wapi? Watu wa Kimilili wanajua jibu, hata kama hawalisemi kwa sauti. Mji huu uko chini ya Mlima Elgon, kwenye barabara inayopanda hadi Kapsokwony. Mpaka wa Uganda hauko mbali, kupitia Lwakhakha upande mmoja na Suam upande wa Kitale. Kuanzia mwaka 2006, ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulizaa kundi lenye silaha la SLDF (Sabaot Land Defence Force), na mamia ya watu waliuawa mlimani. Familia zikashuka zikiwa na magodoro kichwani, zikatafuta vyumba vya kukodi katika miji ya chini. Machi 2008 jeshi liliingia kwa Operesheni Okoa Maisha, na Mei mwaka huo kiongozi wa kundi hilo, Wycliffe Matakwei, akauawa. Wanaume wengi walioshikwa katika msako huo waliteswa, na mashirika ya haki za binadamu yaliandika habari zao. Najua wazazi ambao hadi leo hawajaonyeshwa kaburi la mtoto wao. Silaha za vita vile hazikuwa na vyeti, na hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba zote zilikusanywa.

Ndiyo sababu nasema kwa uzito: bastola ya kuuziwa kichochoroni ina historia usiyoijua, na wewe ndiwe utakayeijibia. Kila bastola huacha alama zake kwenye risasi na kwenye ganda. Wachunguzi wa idara ya upelelezi wa jinai, DCI, hulinganisha maganda yaliyookotwa mahali pa mauaji na silaha inayonaswa baadaye. Ule “mguu wa kuku”, yaani bastola, ulionunua ili ujilinde unaweza kuwa ndio uliomwua mtu Webuye au Kitale miaka iliyopita. Utaanza kujitetea dhidi ya shtaka la kumiliki, kisha upelelezi ugeuke uwe wa wizi wa mabavu au mauaji, na huyo aliyekuuzia hutampata tena kwa simu. Ukiona namba ya silaha imekwaruzwa au imefutwa, jua kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuifuta.

Twende kwenye njia halali, maana ipo, na mfanyabiashara wetu ana haki ya kuijaribu. Lakini aelewe jambo moja mapema: Katiba ya Kenya haimpi raia haki ya kumiliki bunduki, na mahakama zetu zimeliona jambo hili kama ruhusa yenye masharti. Haki aliyo nayo ni ya ombi lake kusikilizwa kwa njia ya haki.

Anayetoa cheti ni Bodi ya Leseni za Silaha. Kabla ombi halijafika Nairobi, mwombaji huchunguzwa na wakuu wa usalama wa kwao, wanaomjua au wanaoweza kuuliza wanaomjua. Atahitaji cheti cha tabia njema kutoka DCI, kile kinachotolewa baada ya alama za vidole. Atahitaji kueleza sababu, na “naogopa wezi” peke yake haitoshi. Alete vitu vinavyoshikika: leseni ya biashara, taarifa za benki zinazoonyesha fedha anazobeba, na namba za OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, za matukio aliyoripoti. Hapa ndipo watu wengi wa kwetu hujiangusha. Wanavamiwa mara mbili, hawaripoti kwa kuwa “polisi hawatafanya lolote”, halafu siku ya kuomba silaha hawana karatasi hata moja inayosema waliwahi kuvamiwa. Ripoti kila tukio, na udai namba ya OB. Ni haki yako kuandikwa kwenye kitabu hicho.

Sheria inakataza cheti kumfikia mlevi wa kupindukia, mtu asiye na akili timamu, au yeyote ambaye kwa sababu nyingine hafai kukabidhiwa silaha. Ukaguzi huo haukomi siku ya kupewa. Desemba 2018, Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Fred Matiang’i, aliagiza wamiliki wote raia wakaguliwe upya ndani ya siku 90, na waliokuwa na vyeti vya miaka mingi wakapanga foleni kama wageni. Cheti chenyewe ni cha mwaka mmoja, kisha kinahuishwa.

Ukishapata cheti, ununuzi unafanywa kwa muuzaji aliyesajiliwa, au kwa mmiliki mwenye cheti kwa utaratibu unaopitia Bodi. Bastola iliyotumika inaweza kuwa halali kabisa, hata ikiwa na umri mkubwa, mradi namba yake iko kwenye rekodi na safari yake kutoka mkono hadi mkono imeandikwa. Cheti hutaja silaha yenyewe na idadi ya risasi unazoruhusiwa. Kuzidisha idadi hiyo ni kosa chini ya kifungu kilekile cha 4, na kukiuka sharti lolote la cheti pia.

Kuhusu kusafisha. Sheria inamtaka mwenye silaha aitunze mahali salama, katika hali salama, na achukue kila tahadhari isiibwe wala isifikiwe na asiyeruhusiwa. Hivyo usafi wa bastola ni sehemu ya wajibu wako kisheria, hasa kwa mvua za mlimani ambazo hufanya chuma kishike kutu upesi. Ondoa kwanza kasha la risasi, kisha vuta sehemu ya juu nyuma na uangalie kwa macho na kwa kidole kama chemba iko tupu. Huo ndio mpangilio, usiugeuze: ukivuta kabla ya kuondoa kasha, unaingiza risasi nyingine. Weka risasi zote chumba kingine. Elekeza mtutu upande ambao hata ikifyatuka haitamkuta mtu, na ukumbuke kwamba ukuta wa udongo au wa mabati hauzuii risasi. Brashi, kitambaa, mafuta mepesi kidogo; mafuta mengi hukusanya vumbi na bastola ikakwama. Fanya kazi hiyo watoto wakiwa hawapo, na bila hata bilauri moja ya busaa. Kushika silaha ukiwa mlevi ni kosa peke yake.

Ikiwa ina hitilafu, usimpelekee fundi wa jua kali, hata awe hodari kiasi gani kwa kuchomelea mageti. Ukimwachia bastola ukaenda kunywa chai, umemweka yeye kwenye hatari ya kifungo cha miaka mitano, na wewe umevunja masharti yako. Matengenezo ni ya muuzaji aliyesajiliwa. Usimwachie mke, kaka wala mlinzi wa duka pia. Cheti ni cha mtu mmoja. Na ukivuka Lwakhakha kwenda kununua bidhaa, bastola ibaki kwenye sefu nyumbani: cheti cha Kenya hakikulindi ng’ambo ya mpaka, na kuitoa nchini kunahitaji kibali chake.

Kisha kuna siku ya kuitumia. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinasema nguvu ya kujilinda hupimwa kwa misingi ya sheria ya desturi ya Uingereza. Kwa lugha ya kwetu: hatari iwe ipo wakati huo, na nguvu uliyotumia iwe ya lazima na ya kadiri. Mwizi anayekuja na panga ni jambo moja. Mwizi aliyenyakua mkoba akageuka kukimbia ni jambo lingine, na risasi ya mgongoni inaweza kukupeleka Mahakama Kuu ya Bungoma kujibu shtaka la mauaji. Kimilili haijasahau tarehe 9 Agosti 2022, siku ya uchaguzi mkuu, kijana msaidizi wa mgombea ubunge alipopigwa risasi katika kituo cha kura cha Chebukwabi, akafa. Uamuzi wa nani mwenye hatia ni wa mahakama, na mimi siuingilii. Ninachotaka msomaji akione ni jinsi familia moja ilivyopoteza mtoto kwa dakika chache.

Nimeulizwa pia na mjane aliyekuta bastola ya marehemu mumewe ndani ya sanduku. Mama, cheti cha marehemu hakirithiwi. Usiiguse, usiifiche, wala usimpe mtoto wako mkubwa “aitunze”. Funga chumba, mwite mkuu wa kituo cha polisi au upitie kwa chifu, ukabidhi silaha na cheti, na udai namba ya OB pamoja na maandishi ya kupokelewa. Mtoto akitaka kuimiliki, aombe cheti chake mwenyewe. Fanya vivyo hivyo kwa risasi anayoifukua mkulima shambani wakati wa kupalilia. Na aliyekwisha kununua silaha haramu na sasa anataka kuitoa, azungumze kwanza na wakili, kisha waende pamoja. Serikali imewahi kutangaza vipindi vya msamaha katika sehemu mbalimbali za nchi, lakini msamaha hauko kila siku, na asidhani kwamba kujisalimisha kunafuta kosa moja kwa moja.

Ukikamatwa, Ibara ya 49 ya Katiba inakupa haki ya kuambiwa sababu papo hapo kwa lugha unayoielewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuzungumza na wakili, na ya kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24. Usitie sahihi maelezo usiyosomewa. Ukipigwa ili ukiri, mambo ambayo watu wa mlimani wanayajua vizuri, lalamika kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, na mweleze hakimu siku ya kwanza unapofika mbele yake, ili liandikwe. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Na wewe uliyefuata njia yote halali ukakataliwa, au cheti chako kikafutwa: Ibara ya 47 inakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Ziombe kwa barua, ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Sheria ya Silaha inaruhusu rufaa kwa Waziri, na uamuzi uliofanywa bila kukusikiliza unaweza kupingwa Mahakama Kuu. Wakati rufaa inaendelea, bastola, kama ulikuwa nayo, hukaa mikononi mwa polisi. Nenda ukachukue risiti yake.