Dondoo muhimu: Andika sababu kabla ya mnada
Kiongozi wa chama cha msingi cha kakao Kyela ajijengee tabia moja kabla ya nyingine zote: kuandika sababu za uamuzi wake kabla bei haijatangazwa mnadani. Mwaka 2024 kakao ilivuka dola 10,000 kwa tani katika soko la dunia, Desemba ikapita 12,000, kisha mwaka 2025 ikaporomoka. Chanzo kikubwa cha kupanda kilikuwa mavuno mabaya ya Ghana na Kodivaa, wala si ujanja wa mtu wa Kyela. Hata hivyo, kiongozi anayekopa bei ikiwa juu ili apanue ghala huitwa hodari. Ikishuka huitwa mzembe, ilhali uamuzi ni uleule. Mistari mitatu ya daftari inatosha: tarehe, bei anayoitegemea, na jambo litakalomfanya abadili mawazo.

Wapo watakaosema mnada haumsubiri mtu. Kweli, lakini kakao huvundikwa siku tano hadi saba, kisha huanikwa, na kwa mvua za Kyela kukauka si jambo la haraka. Nafasi ya kuandika ipo. Kinachoogopwa hasa ni daftari kumuumbua mwenyewe mbele ya wanachama. Basi alisome kwenye mkutano mkuu, akianza na makadirio yaliyokosea.