Meno Kabla Hayajauma

Leo usiku, kabla watoto hawajalala, washa tochi ya simu. Mpakate mdogo wao, mwinue mdomo wa juu kwa kidole gumba, kisha mulika pale jino linapokutana na fizi. Ukiona doa jeupe lisilong'aa, kama limepakwa chaki, usilipuuze. Jino limeanza kuoza. Halina tundu, halimuumi, na bado linaweza kupona. Likishatoboka, halijizibi lenyewe.

Wazee walisema jino bovu lina mdudu. Hawakukosea sana, ila wadudu wenyewe hawaonekani kwa macho. Ni bakteria wanaoishi kwenye ukoga, ule utando unaonata unaousikia kwa ulimi ukiamka. Ukila sukari nao wanakula, halafu wanatoa tindikali inayomomonyoa madini ya jino. Mate huizimua tindikali hiyo na kurudisha madini, lakini yanataka muda. Mtoto anayenyonya soda funda moja moja tangu saa nne hadi adhuhuri hayapi mate yake nafasi hiyo. Heri angeimaliza mara moja pamoja na chakula. Na soda ya mililita 300 huwa na sukari kama gramu 30, yaani vijiko saba hivi vya chai. Nani angemtilia mwanawe vijiko saba kwenye kikombe kimoja?

Tukilala mate hupungua sana. Wengi wetu tunapiga mswaki asubuhi, tena kwa bidii, ili tukitoka kinywa kisinuke. Huo ni ustaarabu, lakini kinga kubwa ni mswaki wa usiku. Baada yake ni maji matupu tu: si chai, si baiskuti, wala chupa ya maziwa yenye sukari ya kumbembelezea mtoto alale.

Kwenye boksi la dawa ya meno tafuta neno floridi na namba kati ya 1000 na 1500 ppm. Anza jino la kwanza linapochomoza. Chini ya miaka 3, dawa iwe kiasi cha punje ya mchele. Kuanzia miaka 3 hadi 6, punje ya njegere. Sugua dakika mbili. Ukimaliza tema povu, usisukutue kwa maji, maana floridi inatakiwa ibaki kinywani. Mswaki wa mti nao unafaa, ukitafunwa ncha hadi ikawa nyuzi laini. Ila hauna floridi ya kutosha na hufika kwa shida kwenye magego, kwa hiyo upake dawa.

Magego yana hila yake. Mtoto akifika miaka 6 hivi, gego huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka. Mzazi hudhani ni la utoto, anasema litaoza na kutoka tu. Kumbe ni la kudumu, na likitoka halina mbadala.

Kwa walio Arusha, Kilimanjaro na Manyara kuna jambo la ziada. Maji ya visima vingi vya huko yana floridi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya watoto wengi hupata madoa ya kahawia. Kuchemsha hakuiondoi. Magadi ya kulainishia maharage nayo huiongeza. Mpeni mtoto mdogo maji ya mvua au ya chanzo kilichopimwa.

Msisubiri kung'oa. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, ilianzishwa njia ya kuziba jino bila mashine: mtaalamu hukwangua uozo kwa vifaa vya mkono, kisha hujaza saruji maalumu. Mara nyingi hata sindano ya ganzi haihitajiki. Ipo pia dawa ya kupaka, silva diamini floridi, iliyoingizwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2021. Husimamisha uozo, ila huacha doa jeusi. Kwenye gego la nyuma, nani ataliona? Ulizeni kama huduma hizi zipo kituoni kwenu.

Akitokea mtu kusema mtoto wako anaharisha kwa sababu ana "meno ya plastiki", mkatalie. Kilichovimba ndani ya fizi ni jino linalojiandaa kutoka. Kulichokoa kumewaletea watoto kutokwa damu nyingi, maambukizi na hata kifo. Mpeleke akatibiwe kuhara.

Fizi zikitoa damu, usiache kupiga mswaki. Sugua pale pale, taratibu. Wiki mbili zikipita bila nafuu, nenda kwa daktari wa meno, na kama ni mjamzito au una kisukari, mwambie. Karafuu hutuliza maumivu kwa muda, haitibu. Shavu likivimba pamoja na homa, au mtoto akishindwa kumeza, msingoje kesho: mpelekeni hospitali usiku huo huo.