Umekabidhiwa Moodle ya Shule? Anza na Majina

Kazi hii aghalabu haiombwi. Mkuu wa shule ameona kwamba wewe ndiye unayeitwa projekta ikigoma, na kwenye kikao cha walimu jina lako linasomwa: msimamizi wa jukwaa la kujifunzia mtandaoni. Mara nyingi jukwaa lenyewe ni Moodle, programu huria iliyobuniwa na Martin Dougiamas huko Perth, Australia. Toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2002. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa vyuo vyetu vilivyoitumia. Haina ada ya leseni. Gharama iko kwenye seva, anwani ya tovuti na muda wako.

Msimamizi mgeni huvutwa na rangi, nembo na picha ya ukurasa wa mbele. Viache kwanza. Rangi utabadilisha siku yoyote utakayo, lakini orodha ya watumiaji iliyoingizwa ovyo utahangaika nayo mpaka watoto wale wahitimu.

Jina la kuingilia liwe namba ya usajili ya mwanafunzi, si jina lake, maana akina Neema katika Kidato cha Pili hawakosi kuwa watatu. Moodle inakubali herufi ndogo, tarakimu, nukta, kistari, mstari wa chini na alama ya @. Mkwaju inaukataa, kwa hiyo namba 2026/017 iandike 2026-017. Orodha utaiandaa kwenye Excel na kuihifadhi kama faili la CSV, na hapo ndipo wengi wanapokwama: Excel humeza sifuri za mwanzo, 0045 ikawa 45, na ukiandika 2026-11 huigeuza kuwa tarehe. Ipangie safu nzima iwe ya maandishi kabla hujaandika chochote. Kisha pakia wanafunzi watano tu, uwaangalie, ndipo uwalete wengine.

Barua pepe ni kizingiti kingine. Moodle hutaka kila akaunti iwe na anwani yake, na watoto wengi hawana. Usibuni anwani kwenye kikoa kisicho cha shule, kwa sababu ujumbe wenye majina ya watoto utamfikia mtu usiyemjua. Kama shule ina kikoa chake, tengeneza anwani humo. Kama haina, upo mpangilio unaoruhusu akaunti nyingi kutumia anwani moja. Elewa tu kwamba maombi yote ya kubadili nywila yatamiminika kwenye sanduku hilo. Nywila nayo, kwa mpangilio wa awali, hudai herufi nane, ikiwamo kubwa, ndogo, tarakimu na alama. Kwa mtoto wa Kidato cha Kwanza anayeitafuta @ kwenye kibodi kwa mara ya kwanza, kipindi kizima kitaishia hapo. Mimi ningeondoa sharti la alama na kuongeza urefu.

Wanafunzi usiwaandikishe mmojammoja katika kila kozi. Tengeneza makundi ya tovuti kwa kila mkondo, kisha uyaunganishe na kozi. Mtoto akihamia mkondo mwingine unambadilisha mahali pamoja na kozi zake zote zinafuata. Kundi lipewe jina la mwaka wa kuingia. Ukiliita Kidato 1A, Januari ijayo litakuwa linadanganya.

Walimu wenzako watakuja kuomba haki zote, wengine kwa kukutania, wengine kwa cheo. Usizigawe. Mwalimu apewe nafasi ya mwalimu ndani ya kozi yake, mtaaluma awe meneja, na mwalimu wa mazoezi apewe nafasi ya mwalimu asiyehariri: atasahihisha, lakini hawezi kufuta mada za mwenyeji wake. Hata wewe, kufundisha fundisha kwa akaunti ya kawaida. Anayeondoka shuleni simamisha akaunti yake, usiifute, maana alama zake bado zinahitajika.

Saa ndiyo italeta ugomvi. Weka ukanda wa saa wa Dar es Salaam au Nairobi na uzuie watumiaji kuubadilisha. Halafu waonye walimu kuhusu saa sita usiku. Zoezi likiwekwa kufungwa Ijumaa saa 00:00, Moodle italifunga usiku wa kuamkia Ijumaa, wakati mwanafunzi amejiwekea Ijumaa yote ya kulimalizia. Atakayelaumiwa ni mtandao. Mwambie kila mwalimu aandike 23:55 na hoja hiyo itakwisha.

Video usiziruhusu kupakiwa kwenye seva. Mwalimu aiweke YouTube na kubandika kiungo. Diski ya seva ya kukodi hujaa upesi, na bando la mzazi huisha upesi vilevile. Programu ya simu ya Moodle huwezesha kupakua masomo na kuyasoma bila intaneti, ila kwanza uhakikishe imeruhusiwa kwenye mipangilio ya tovuti. Kwa shule za bweni zisizoruhusu simu, itabidi utegemee chumba cha kompyuta. Hapo zima kabisa uwezo wa kivinjari kuhifadhi nywila, la sivyo wa kipindi cha pili watafungua akaunti za wa kipindi cha kwanza.

Kuna kazi ya nyuma ya pazia iitwayo kroni, inayopaswa kujiendesha kila dakika. Isipowashwa, barua pepe nyingi hazitoki na mambo mengi hulala bila watumiaji kupewa taarifa. Mwulize mwenye seva siku ya kwanza. Mwulize pia kuhusu nakala rudufu: zinatakiwa hifadhidata, folda ya moodledata na faili la config.php, zikitunzwa nje ya seva hiyohiyo. Kila likizo, jaribu kurejesha moja kwenye kompyuta nyingine.

Alama za watoto zina sheria. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023. Picha ya ukurasa wa matokeo ya darasa zima haina kazi kwenye kundi la WhatsApp la wazazi.

Mwisho, uhamisho wako. Barua ikija, huna mwezi wa kukabidhi. Muwe wasimamizi wakuu wawili tangu mwanzo. Nywila za seva na za anwani ya tovuti zikae kwenye bahasha iliyofungwa ofisini kwa mkuu, na tarehe ya kulipia anwani hiyo, ambayo kwa kawaida huja kila mwaka, iandikwe kwenye kalenda ya mhasibu.