Taa ya Kuua Vijidudu Haitoshi Kuvunja Dawa

Ukimeza tembe ya diklofenaki kwa sababu ya mgongo, mwili hauimalizi yote. Sehemu yake hutoka na mkojo, hupita chooni, na isipopata kitu cha kuivunja njiani itafika mtoni. Hii si nadharia tupu. Watafiti wamepima maji ya Mto Nairobi wakakuta dawa za maumivu, antibiotiki kama sulfamethoksazoli (ile iliyomo ndani ya Septrin), hata dawa za ARV. Mabwawa ya maji taka kama yale ya Dandora yalijengwa kupunguza kinyesi na vijidudu. Mabaki ya dawa hayakuwa kwenye hesabu.

Kila nikimwambia mtu kwamba mradi wangu wa mwaka wa mwisho ni huu, jibu ni lilelile: "Si waweke tu taa ya UV?" Haya, tuiangalie hiyo taa.

Taa ya kawaida ya zebaki hutoa miale ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 254. Kijidudu kikipigwa nayo, DNA yake huharibika na hakiwezi tena kuzaana. Kwa vijidudu vingi, dozi ya milijuli 40 kwa kila sentimita ya mraba inatosha. Lakini molekuli ya dawa haizaani, kwa hiyo hakuna njia ya mkato: lazima yenyewe ivunjwe. Diklofenaki hufyonza mwanga huo na kuvunjika upesi. Karbamazepini, dawa ya kifafa, nayo hufyonza mwanga, ila nishati karibu yote hupotea bila kuvunja chochote. Unaimulika weee, iko palepale.

Hapo ndipo huongezwa haidrojeni peroksidi. Mwanga huikata katikati, zikatoka radikali mbili za haidroksili, na hizi hazichagui: hushambulia karibu kila kitu chenye kaboni, karbamazepini ikiwemo. Kule Andijk, Uholanzi, mtambo wa maji ya kunywa ulianza kutumia njia hii mwaka 2004, kwa dozi ya milijuli 540 hivi na miligramu 6 za peroksidi kwa lita. Linganisha na ile 40, kisha fikiria bili ya umeme.

Tena huko kutochagua ni hasara pia. Maji yakiwa na uchafu mwingi wa mimea na kinyesi, radikali huishia huko kabla hazijaigusa dawa. Na mto ukiwa wa kahawia wakati wa masika, taa inamulika tope tu. Ndiyo maana UV huwekwa mwishoni, maji yakiwa yameshachujwa.

Kinachonisumbua zaidi, na naona wenzangu wengi wanakiruka, ni vipande vinavyobaki. Karbamazepini ikivunjika huweza kutoa akridini, ambayo ni sumu kwa viumbe wa majini. Kwa hiyo grafu ikishuka hadi sifuri, inakuambia dawa uliyoanza nayo haipo. Haikuambii maji yako salama. Msimamizi akikuuliza, "Imeenda wapi?", usimwonyeshe grafu ileile mara ya pili. Pima kaboni yote iliyobaki majini, halafu weka viroboto wa maji kwenye sampuli uhesabu wangapi bado wanaogelea baada ya saa 48.