SOMO LA AFYA: KUANZA MAZOEZI BAADA YA KUGUNDULIKA NA SHINIKIZO LA DAMU

Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973, watu walipoketi kwa vikundi kuzunguka redio wakijifunza jinsi ya kujikinga na maradhi. Somo hili nalo lafaa kusomwa kwa pamoja, ghalani, kwani lahusu ugonjwa usiopiga hodi.

Mtu huhesabiwa kuwa na shinikizo la juu la damu iwapo, katika siku tofauti, akiwa ameketi na kupumzika dakika 5, namba ya juu hufikia 140 au ya chini 90.

Mkulima wa Shishiyu akishauriwa kufanya mazoezi hujibu kwamba jembe lamtosha. Jibu hilo lina ukweli nusu. Kupalilia na kuvuna pamba ni kazi ya mwili, lakini ni kazi ya msimu; ikiisha, wengi hupanda pikipiki hata kwenda dukani. Moyo hauweki akiba kama chama cha kuweka na kukopa. Wapo pia ambao, wakishaambiwa wana presha, huacha kila kazi na kukaa kivulini. Hilo nalo si sahihi.

Aanzie zahanati. Aliyepimwa 180 kwa 110 au zaidi asianze mpaka dawa zimeishusha. Kisha atembee njia tambarare, asubuhi kabla ya jua kali, dakika 10 tu. Aongeze kidogo kila wiki hadi dakika 30, siku 5 kwa wiki. Ndizo dakika 150 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mwendo uwe wa kumwezesha kuzungumza lakini si kuimba. Aanze polepole, amalize polepole.

Hatari kubwa kwetu ipo katika kunyanyua. Anayeinua gunia la pamba kulipeleka kwenye mizani, au anayeng'oa mashina makavu baada ya mavuno, huziba pumzi bila kujua, na shinikizo hupanda ghafla. Gunia libebwe na watu wawili, na pumzi itolewe wakati wa kuinua. Karani wa mizani asingoje kuombwa msaidizi.

Dawa za kuongeza mkojo zaweza kuleta kizunguzungu juani. Mgonjwa amwulize mganga kiasi cha maji anachopaswa kunywa. Mazoezi hushusha namba ya juu kwa 5 hadi 8 hivi, basi asiache dawa kwa kujiona mzima.

Akibanwa kifua, akikosa pumzi kupita kawaida, au upande mmoja wa mwili ukilegea, asimame mara moja na apelekwe kituo cha afya bila kungoja kesho.

Maswali ya kujadili:

Je, chama chetu kina utaratibu gani wa kuwasaidia wanachama wagonjwa siku za kupima pamba?

Ni njia ipi kijijini inayofaa kutembea asubuhi, na nani yuko tayari kumsindikiza mwenzake?